Jokamhanga

Tarehe 8 Machi

Mdogo wangu,

Wamenipa karatasi ya ukubwa wa kiganja, maana bomba lenyewe halipitishi kitu kinene kuliko ngumi, na wameniambia niandike mambo ya kutia moyo tu. Afisa Ustawi wa mgodi anasoma kila barua kabla haijafungwa ndani ya chupa. Kwa hiyo: jipe moyo. Haya, hilo limekwisha.

Tulikaa siku nne bila kujua kama mko hai. Jana kamba ilipopanda na kikaratasi chako, "Tuko watatu, wazima, Baruti ameumia mguu," Injinia alikisoma kwa kipaza sauti na watu wakakumbatiana ovyo. Mimi nilimkumbatia fundi wa jenereta, nikanuka dizeli mpaka jioni. Mke wa Baruti hakukumbatia mtu. Alikaa chini pale pale kwenye matope, viatu mkononi.

Nimeomba ruhusa kiwandani. Vitabu vitajibandika majalada vyenyewe. Nakaa hemani na mke wa Baruti, benchi moja, blanketi moja.

Injinia anasema wanatoboa shimo kubwa la kuwatolea. Siku kumi na mbili. Hizo ni Jumamosi mbili, na wewe hujakosa mchezo wetu wa Jumamosi mezani kwangu hata mara moja tangu uanze kuota ndevu. Nakushushia dadu yetu, ile ya pande ishirini. Waambie wenzako mchezo ni rahisi: mimi nasimulia, kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini, dadu inaamua kama ameweza.

Mko juu ya mlima. Upepo unavuma. Angani anazunguka joka mwenye mbawa, anatema moto. Mnafanya nini?

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada,

Hapa tulipo ni hatua thelathini na moja kwa urefu. Upana ni watu wawili wakilala. Nimepima mara nyingi, jibu ni lile lile. Mbele ni kifusi, nyuma ni kifusi, na katikati ya dari kuna bomba lenu, ambalo tunalitazama kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe.

Wenzangu ni hawa. Kaka Baruti unamfahamu kwa jina, ndiye mlipuaji wetu, amelala na mguu juu ya sanduku. Mwingine ni Winchi, anayeendesha winchi ya mabehewa. Winchi alikuwa hajatoa neno tangu mwamba ulipoanguka. Anakaa, anatazama ukuta. Tulianza kuogopa.

Jana nikawasomea mchezo wako. Nimefika kwenye joka, Winchi akasema, "Mbawa za nini?"

Dada, ndiyo maneno yake ya kwanza kwa siku sita. Nikamwambia ni za kurukia. Akasema, "Arukie wapi? Mwambie dada yako hatutaki mlima wala upepo. Asitutanie." Baruti akaongeza kuwa na moto pia hautaki, kwa sababu mnyama akitema moto humu ataimaliza hewa na atakufa kwa moshi wake mwenyewe. Wakabishana saa nzima. Walichokubaliana ni hiki: awe nusu joka, nusu mhanga. Mhanga wa kawaida, yule mnyama wa kuchimba vichuguu, mwenye pua ndefu na masikio ya punda. Masikio ni wazo la Winchi.

Mweke chini, huku huku tuliko. Tutamkabili hapa.

Kaka Baruti anasema mtu wake anarusha baruti. Nimemwambia hujamaliza kusimulia. Amesema hajali.

Kalamu ninayo mimi, kwa hiyo barua za mkewe namwandikia mimi, yeye anatamka. Mwambie shemeji asishangae mwandiko.

Mdogo wako


Tarehe 11 Machi

Mdogo wangu,

Ukurasa wa mnyama huu hapa. Nimeuandika kama ninavyoandika wa mezani, ila mdogo.

JOKAMHANGA. Urefu, tembo wawili. Magamba ya joka mgongoni, tumbo laini la mhanga, kucha kama majembe. Nguvu kumi na nane, wepesi nne, uhai tisini. Haoni kabisa. Anasikia kupitia mwamba, hata mtu akimeza mate. Hali nyama ya watu. Shida yake ni uwazi: akihisi pango au njia tupu, hawezi kutulia mpaka aijaze. Anachimba mbele, anaziba nyuma. Ndiyo maana popote alipopita hapana pa kutokea.

Amelala mbele yenu, amekalia njia. Baruti amerusha baruti kabla ya wakati, kwa hiyo mnyama ameamka. Anageuza sikio la kushoto.

Afisa Ustawi aliuchukua ukurasa huu, akasoma mpaka "tembo wawili," akaupiga muhuri bila kumaliza. Kumbe makaratasi ya mchezo hayasomi. Anaona ni ya kitoto.

Mke wa Baruti amecheka aliposikia kuhusu baruti. Amesema hata nyumbani mume wake hawezi kusubiri chai ipoe, anaunguza ulimi kila asubuhi na kila asubuhi anashangaa.

Dada yako


Tarehe 13 Machi

Dada,

Winchi amekwenda mbele ya mnyama, akakaa kimya, akavua viatu. Dadu, kumi na sita. Baruti amerusha baruti. Dadu, mbili. Imelipuka mkononi. Tumecheka mpaka tukakohoa.

Mguu wake unauma kidogo, si wa kuandikia.

Lakini nijibu jambo moja. Tulikuwa tunasikia mtambo wa kutoboa, mchana kutwa, kama jino linalouma. Tangu jana asubuhi hatuusikii. Winchi anasema wanabadilishana zamu. Ni zamu gani hiyo ya siku nzima?

Tunaishi kwa ule mlio, dada. Hatukujua mpaka uliponyamaza.

Mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Wanapumzisha mtambo. Injinia anasema chuma nacho kinachoka. Msiwe na wasiwasi.

Jokamhanga amesikia viatu vikivuliwa. Anasogeza pua karibu na Winchi, pumzi yake ni ya joto kama tanuri lililozimwa sasa hivi. Hajui kama huyu ni mtu au ni jiwe. Ni zamu ya Baruti. Mwambie afikirie safari hii.

Dada yako


Tarehe 16 Machi

Dada,

Baruti anasubiri.

Mimi natambaa upande wa kulia. Dadu, tisa. Winchi hachezi leo.

Asante kwa betri. Chakula kinatosha.

Mdogo wako


Tarehe 18 Machi

Mdogo wangu,

Naandika nyuma ya karatasi ya mchezo makusudi. Mbele nimejaza habari za pua na masikio. Afisa akiona neno jokamhanga anapiga muhuri.

Zamu ya tarehe 14, Baruti anasubiri. Juzi, Baruti anasubiri. Kikaratasi cha jana kina maneno mawili tu, Baruti anamsikiliza mnyama. Kumsikiliza? Mtu huyu alirusha baruti kabla sijamaliza kusema mnyama yuko wapi.

Na jambo la pili. Mkewe alinionyesha barua ya mumewe ya tarehe 15. "Mguu umepoa, nakula vizuri, usijichoshe." Alifurahi sana. Akaoga, akachana nywele, akawasimulia watu wa jikoni vichekesho. Mimi niliisoma nikaona kitu kimoja. Barua zote za kabla ya hapo alikuwa anamtania. Hii haina utani hata kidogo. Hii ni wewe, mdogo wangu. Wewe ndiye huandika hivyo ukiogopa.

Niambie.

Dada yako


Tarehe 19 Machi

Dada,

Kaka Baruti alifariki tarehe 14.

Mguu ulikuwa umeshakuwa mweusi mpaka gotini tangu tarehe 11. Alinikataza kuandika, akasema hakuna daktari anayepita kwenye bomba, tutawatesa watu bure. Chupa yako ilifika akiwa ameshakata roho, labda kwa robo saa. Nikafungua, nikasoma kwa sauti kama kawaida, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Ikaja "Ni zamu ya Baruti." Karatasi ilikuwa gotini kwangu. Nikaandika "anasubiri." Sikupanga. Ni mkono tu.

Kesho yake Injinia akauliza kwa kikaratasi, kama anavyouliza kila siku, wote watatu wazima? Nikajibu ndiyo. Halafu ikashuka barua ya mkewe, inamuuliza anakula? Kama umeshasema ndiyo kwa Injinia, kwa mke utasemaje hapana? Nikaandika. Kila siku nikasema kesho nitarekebisha, na kila kesho ilikuwa ngumu kuliko jana yake.

Kuna jingine, na hili ndilo linalonifanya nishindwe kumtazama Winchi. Wanashusha chakula cha watu watatu. Winchi alisema, "Tukisema, watashusha cha wawili." Mimi sikusema ndiyo wala hapana. Nilikula.

Tumemlaza mwisho wa upande wa kifusi cha nyuma, tumemfunika kwa turubai na kokoto. Sasa tunatumia hatua ishirini na nne. Zile saba tumemwachia.

Mdogo wako


Tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Hii nayo iko nyuma ya karatasi ya mchezo. Nimesoma barua yako nyuma ya jenereta, nimesimama, kisha nimekaa. Nimekukasirikia kwa muda wa saa moja hivi. Baadaye nikakumbuka na mimi.

Mtambo haukupumzishwa. Ulivunjika tarehe 12. Chuma cha kutobolea kilikatikia ndani ya mwamba, hakitoki, na shimo lile limeachwa. Wameanza jingine upande wa pili. Si siku kumi na mbili, ni Aprili. Sote hapa juu tunajua, mpaka wapishi. Afisa alituita mmoja mmoja akasema anayeshusha habari hiyo hataandika tena. Mimi nikachagua kuandika. Kwa hiyo tusiitane waongo, tutachoka.

Kila asubuhi nagawana blanketi na mwanamke huyu. Ananiuliza, "Wako amesema nini leo? Wangu hajaandika." Jana alinipa nusu ya mkate wake.

Namwambia leo. Sikuombi ruhusa, nakujulisha tu.

Dada yako


Tarehe 21 Machi

Shemeji,

Wifi ameniambia. Naandika mwenyewe.

Tarehe 15 nilioga, nikacheka na watu. Mume wangu alikuwa amekufa tangu jana yake na mimi nacheka. Siku hiyo sijui niiweke wapi. Umenipa au umeniibia, bado sijajua, na nikijua nitakuambia usoni kwako.

Chakula msiache. Nimemwambia Injinia asipunguze, aendelee kushusha cha watatu. Sehemu yake mle, mle mpaka mshibe, maana yeye hakuwahi kuvumilia kuona mtu ana njaa mbele yake.

Nataka kitu kimoja. Asibaki humo. Nimemuuliza Injinia, amesema "tutaangalia." Nimekaa kwenye hema hili siku nyingi, shemeji, ninajua "tutaangalia" inaishia wapi. Mnakuja na yeye. Usinijibu kwa barua. Barua zako nimeshazisoma.

Mke wa Baruti


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Kesho. Safari hii ni kweli, na Afisa ameniruhusu nikuambie kila kitu, kwa sababu sasa wanahitaji mjue.

Shimo litawafikia kesho alfajiri. Litashuka kizimba cha chuma, chembamba, mtu mmoja amesimama, mikono kifuani. Kupanda ni dakika arobaini. Lakini kuta za shimo zinamomonyoka na maji yameanza kuingia. Injinia ana uhakika na safari mbili. Ya tatu, anasema, akiiongelea atakuwa anabahatisha.

Safari mbili, watu wawili walio hai. Amesema hivyo mbele yetu sote. Mke wa Baruti alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akaenda kufua.

Sasa hivi amekaa kando yangu, anamenya viazi. Hajui ninachoandika. Nakuomba uingie kwenye kizimba. Mwache Winchi apande kwanza au upande wewe kwanza, lakini mara ya pili kikishuka, uingie wewe. Najua alichokutaka. Najua ninamsaliti nikiwa ninanusa sabuni ya mikono yake. Nimejaribu kuandika barua hii nikiwa mtu mzuri, sikuweza.

Ingia, mdogo wangu. Mchezo tutauacha hapo ulipo.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili
Wodini

Dada,

Simu ipo hapa kwenye meza ya nesi, na ananiambia kila saa nikupigie kiwandani. Kwenye simu nitalia. Kwenye karatasi naweza kusimama kidogo.

Kwanza ulilouliza. Ndiyo, utie ukurasa wa jokamhanga kwenye kitabu cha mezani. Andika ni wa watu wanne, wewe ukiwemo. Na andika kwamba masikio ni ya Winchi, la sivyo atakuja kwako na magongo aliyopewa hapa wodini. Lakini mimi usinihesabu Jumamosi, kwa sasa. Nesi akifunga mlango naenda kuufungua. Mgonjwa wa kitanda cha pili analalamika baridi, tumegombana mara mbili.

Pili. Najua ulichokiona. Winchi alitoka, watu wakashangilia. Kizimba kikashuka tena, kikapanda, ukakimbia kufungua mlango, na aliyekuwa ndani hakuwa mimi. Nisamehe kwa dakika ile. Winchi ameniambia ulipiga kelele gani.

Sikuwa shujaa, dada, nisikilize. Barua yako niliipata na niliamua kuitii. Winchi ndiye alikataa kupanda kabla hatujamtoa Baruti kwenye kokoto. Alisema, "Nimekula chakula chake siku ishirini." Tukamtoa pamoja. Hilo sitakuandikia. Winchi alipopanda, nikabaki naye kwa zaidi ya saa, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu, na turubai lile likiwa limeegemea ukuta kama mtu anayesubiri zamu yake. Kizimba kilipofika, nilikifungua ili niingie. Nakuapia, mguu mmoja ulikuwa ndani. Halafu nikafikiria nitakavyofungua mlango juu na shemeji atatazama nyuma yangu. Nikautoa mguu.

Nilimfunga mikanda, nikavuta kengele. Kilipoondoka nikajuta papo hapo. Nilipiga bomba kwa jiwe nikiita kirudi. Maji yalifika magotini, kisha mapajani. Mawe yalikuwa yanadondoka shimoni, na kila lililodondoka nilisema ndilo hilo. Nilikuchukia wewe kwa kuniandikia, nikamchukia yeye kwa kuniandikia. Sijui ni muda gani. Injinia anasema ilikuwa saa moja na nusu. Kizimba kilirudi kimebonyea upande, nikaingia kwa ubavu. Ndiyo maana mbavu zangu zimefungwa.

Ya tatu ni ya jana mchana.

Alikuja. Sikumtambua haraka kwa sababu sikuwahi kumwona, nilikuwa namjua kwa maneno tu. Mwanamke mfupi, mkoba mkubwa. Hakusalimia. Alivuta kiti akakaa, akatazama mlango niliouacha wazi, akatazama mbavu zangu.

Akasema, "Tumemzika juzi. Asante kwa hilo."

 Mgonjwa wa kitanda cha pili akajigeuza ukutani, Mungu ambariki.

"Nimekuja kuuliza kitu," akasema. "Maneno yake ya mwisho yalikuwa nini?"

Dada, nilikuwa nayo matatu tayari. Nilikuwa nimeyatunga kule chini, kwa siku zote zile, mazuri kabisa, yenye jina lake ndani. Nimemwandikia mtu yule zamu tatu na barua moja baada ya kufa, nisingeshindwa sentensi moja. Na yeye alikuwa ananitazama mdomo, anausubiri.

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia hakutaja jina la mtu. Alikuwa na homa, mguu hauhisi tena au unahisi vibaya, na mimi nilikuwa nimekaa mbali naye, upande wa kichwani. Akafumbua macho akasema kwa hasira, "Sogea. Umenikalia mguu." Basi. Hakusema tena.

Alikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nikadhani atanipiga.

"Na ulikuwa umemkalia?"

"Hapana, shemeji. Nilikuwa mbali."

Akafikiria.

"Ukasogea?"

Nikamwambia nilisogea.

Mdogo wako